Mathe alikataa kula ndani ya cabin ya meli, na mimi ndio nilikuwa sielewi

Wakuu, habari za huko mliko.

Hii story nimeikalia karibu miezi miwili nikiogopa mtanicheka. Leo naandika vile ilikuwa, siongezi chumvi, na pale nilikosea nitasema nilikosea.

Mimi niko Nyeri town, nauza spea za pikipiki. Mathe, yaani mama yetu, anaishi nyumbani, nje kidogo ya Karatina. Mzee wetu alifariki mwaka juzi.

Tangu hapo mathe akaanza kukonda, na sio kukonda kidogo. Tulimpeleka hospitali, vipimo vyote vikafanywa, ugonjwa hawakuona. Daktari akatuambia shida ni kwamba hakuli, na dawa zake za presha anazimeza tumbo ikiwa tupu. Alisema wazi, huyu mama asipoanza kula tutampoteza.

Sasa, niko na dada anaitwa Nyambura. Anafanya kazi kwa jikoni ya meli ya watalii, upande wa keki. Meli yao ilikuwa inapitia Mombasa, na wafanyakazi huruhusiwa kuleta watu wa familia kwa bei ya chini. Akanipigia simu.

"Mlete mami. Huku hakuna mtu hushindwa kula."

Nikaona dawa ndio hiyo. Siku nne, chakula masaa yote, na mtu hapiki wala haoshi vyombo. Nikafunga duka tukateremka Mombasa.

Kwa wale hawajawahi kuingia hizo meli, ndani ni hoteli kabisa. Corridor ndefu iko na carpet, milango imepangana pande zote mbili. Kwa kitanda tulikuta taulo imekunjwa ikafanana na ndovu. Mathe akaiangalia akauliza nani atafua hiyo taulo na haijatumika.

Dining iko juu, na magoti ya mathe na ngazi hawaelewani. Lift nayo imejaa watu saa zote. Tukaamua room service. Unapiga simu, mtu anakuletea trei kwa cabin, sahani zimefunikwa na vifuniko vya chuma.

Nyambura naye alikuwa anaongeza vitu vyake juu. Stroberi zimechovywa kwa chokoleti. Vikeki vidogo vya kumaliza kwa tonge moja. Matunda yamekatwa kama maua. Mimi nilikula hizo vitu mpaka mshipi ukakataa kufunga.

Mathe siku ya kwanza alikula kipande cha mkate tu. Chai aliikataa, akasema hiyo haijapikwa, ni maji moto na maziwa imewekwa kando. Hapo hata mimi nilimuunga mkono.

Siku ya pili saa ya lunch trei ikakuja. Nikafunga mlango, nikafunua vifuniko. Samaki, viazi, supu ya malenge, na zile stroberi.

Mathe akaangalia mlango.

"Maina, mbona umefunga?"

"Ndio tukule, mami."

"Na watu wanapita hapo nje."

"Si ndio maana nimefunga."

Akarudisha uma kwa meza.

Wacha nieleze hapa, kwa sababu najua wengine hamtaelewa. Kwa watu wa umri wa mathe huku kwetu, kufunga mlango ndio ukule ni aibu. Hiyo ni tabia ya mchoyo. Ukipakua, mlango unabaki wazi, na mwenye anapita anaitwa ndani hata kama ni kidogo. Mimi nimelelewa hivyo, lakini huko kwa meli ilinitoka kwa kichwa kabisa. Niliona tu cabin nzuri na chakula nzuri.

Nikaufungua mlango, mathe akauzuia na kiatu. Haikukaa dakika tano, mhudumu wa floor yetu akafika. Mfilipino mmoja mpole, wa rika langu. Akatueleza huo ni mlango wa kuzuia moto, haufai kuachwa wazi. Mathe akamwonyesha kiti, akamwambia kwa Kiswahili, "Keti ukule." Jamaa akacheka, akaonyesha kwa mikono kwamba hana ruhusa, akaondoa kiatu kwa heshima na kufunga.

"Umeona?" mathe akaniambia. "Hata mwenye kuleta hakuli. Mimi nitakula aje?"

Hapo nilikasirika wakuu, siwezi kuficha.

"Mami, Nyambura amesimama tangu asubuhi akikutengenezea hizi vitu. Tumekuleta hadi hapa ukule. Sasa unataka tufanye nini?"

Sauti ilipanda kuliko vile nilikuwa nataka. Mathe aligeukia dirisha. Mimi nikatoka nikaenda kuzunguka deck na hasira, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa. Saa ya dawa ilikuwa imefika na hakuna kitu ameweka kwa tumbo.

Niliporudi, mathe hayuko. Na sahani ya stroberi haiko.

Nilimpata milango mitatu mbele. Iko hivi: kwa meli ukimaliza kula, unaweka trei nje ya mlango ichukuliwe. Mathe alikuwa ametoka kunitafuta, akaona trei kwa huo mlango. Kuku haijaguswa, wali haujaguswa, ni mkate tu umeisha. Na jana yake alikuwa ameona trei hapo hapo, hivyo hivyo. Akasema kwa roho yake, huyu mtu hakuli. Akarudi akachukua stroberi, akaenda kubisha.

Ndani alikuwa Mama Zainabu, mama wa Kiislamu kutoka Nanyuki, bwana yake hununua mbuzi huko Doldol na kuuza. Watoto wake walikuwa wamemleta, na saa hiyo walikuwa swimming pool. Nyama alikuwa anaiogopa kwa sababu hajui imechinjwa na nani, na kuuliza aliona haya. Kwa hivyo alikuwa anakula mkate siku mbili.

Niliwakuta wameketi kwa kitanda, sahani iko katikati.

"Huyu ni kijana yako?" Mama Zainabu akauliza.

"Ni wangu," mathe akasema. "Hupenda kufokea watu wakikula."

"Ingia baba, chukua moja."

Nikachukua, nitafanya nini.

Mathe akaniambia, "Piga simu kwa Nyambura. Mwambie kuna mama hapa anaishi na mkate kama mtu amefungwa. Atafute nyama yenye anaweza kula."

Nyambura alicheka sana. Kumbe chakula halali iko, inapikwa kando na sufuria zake, ni mtu tu kuitisha. Baada ya saa moja hivi trei mbili zikaletwa kwa cabin ya Mama Zainabu. Pilau ya kuku, kachumbari, na keki ndogo juu. Yule Mfilipino akafunga mlango akitoka, na safari hii mathe akauacha hivyo. Ndani kulikuwa na watu, kwa hivyo hakuna mtu alikuwa amefichwa chakula.

Wakaanza kupakuliana.

"Ongeza, mama, umekonda sana," Mama Zainabu akasema.

"Mimi? Wewe ndio umekonda. Hebu shika hii paja ya kuku."

Mathe alimaliza sahani. Akafuta na kidole. Wakuu, niliingia kwa bathroom ya watu nikalia, na sioni aibu kuwaambia.

Kuanzia hapo walikula pamoja kila mlo hadi tukashuka.

Siku ya kushuka nilimwomba mathe msamaha. Halafu nikamuuliza kitu ilikuwa inanisumbua. Kila Jumamosi nilikuwa namtumia shopping na mtu wa boda. Unga, mchele, mayai, nyama. Store imejaa. Kwa nini hakuwa anakula?

Alikuwa anakunja leso yake. Hata hakuniangalia.

"Mlikuwa mnatuma chakula, Maina. Hakuna mtu alikuwa anakuja kula."

Hakuisema kwa ubaya, na ndio maana iliniingia.

Sasa hivi Jumatano na Jumapili nafunga duka saa sita naenda kula nyumbani. Mama Zainabu amekuja Karatina mara moja, na mathe ameenda Nanyuki mara mbili. Clinic ya mwisho daktari aliangalia mizani akatabasamu.

Somo langu ni hilo tu. Nilidhani mathe amekosa hamu, kumbe amekosa watu.

Wenye mko na mzazi amebaki peke yake, hebu tuambieni mnafanya aje, haswa nyinyi mko mbali. Na mwenye anataka kunikosoa anikosoe tu, nitasoma zote. Lakini nitajibu jioni, kwa sababu leo ni Jumatano na mathe hapakui kabla nifike.