Ufunguo wa Rasema na Finjani za Ghorofani

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mto Lašva, Rasema Hodić anazamisha mkono ndani ya pipa la mbao mpaka kwenye kiwiko. Anapapasa chini ya maji ya chumvi, anaibuka na kipande cha jibini la kondoo, anakinusa, anakirudisha. Anaopoa kingine.

"Kile cha kwanza ni cha wapita njia," anamwambia mteja wake, mwanamume mwenye kofia ya sufu. "Wewe namjua mama yako. Chukua hiki."

"Na hao wapita njia wakirudi kulalamika?"

"Wapita njia hawarudi, baba. Ndiyo maana wakaitwa hivyo."

Rasema ana miaka sitini na moja, na ameuza jibini katika soko la mji wa Travnik tangu alipokuwa bibi harusi. Vidole vyake vimepauka kwa chumvi, ila ulimi haujapauka hata kidogo. Siku hizi wanaopanga foleni mbele ya pipa lake wanataka jibini na habari, na habari yenyewe ni ya ufunguo.

Nyumba yake ina ghorofa moja juu. Marehemu mumewe, Ismet, aliijenga kwa ajili ya mtoto wao Mirza, lakini Mirza akaoa Austria akakaa hukohuko. Jibini peke yake halitoshi kununua kuni za kipupwe. Basi majira ya kuchipua yaliyopita Rasema akaipangisha kwa marki mia tatu kwa mwezi, fedha ambayo, kwa maneno yake, "pipa halijawahi kuniletea nikiwa nimelala."

Mpangaji anaitwa Belma Tufek. Ni mwanamke wa miaka thelathini na minne aliyetoka mji wa Bihać, ameachika, anashona ngozi katika kiwanda cha viatu zamu ya mchana. Anacheka kwa sauti. Hilo ndilo lililoanzisha kila kitu.

Kwa miaka ishirini, Rasema akishafunga biashara, wanawake wa mtaa walikunywa kahawa jikoni kwake. Dele la shaba likichemka, finjani zikijazwa, mwisho kila mmoja akifunika yake juu ya kisahani ili machicha yateremke na kuchora. Rasema ndiye aliyesoma michoro.

"Nimewaagulia ndoa, mimba, hata kesi za mipaka ya mashamba," anasema. "Halafu akaja huyo, wote wakahamia kwenye balkoni yake."

"Balkoni yako," anamkumbusha jirani yake Ziba, muuza pilipili wa meza ya pili.

"Balkoni yangu! Ndiyo inayonichoma zaidi!"

Ngazi za kupandia ghorofani ziko nje, zinapita mbele ya dirisha la jikoni. Rasema akawa anakaa na dele lake peke yake, akitazama miguu. Ilipita ya Ziba, ikapita ya Nevzeta, rafiki yake tangu utotoni, yenye viatu vya kahawia vilivyolika kisigino upande mmoja. Kisha kicheko juu ya dari.

"Mtu akikuibia ng'ombe unakwenda polisi," anasema. "Akikuibia majirani unakwenda wapi?"

Rasema hakwenda popote. Alipanda ngazi na ufunguo wa akiba, Belma akiwa kazini.

Mara ya kwanza alikuwa na sababu. Belma aliacha madirisha mawili wazi yakitazamana, na huku kila mtu anajua upepo wa kupita unavyoweza kumpindisha mtu shingo. Akayafunga. Mara ya pili ilikuwa bomba. Mara ya tatu akaenda kuhakikisha kama bomba bado liko vile alivyoliacha.

Belma anaisimulia habari hiyo bila kicheko. "Unarudi saa nne usiku, umechoka, unakuta dirisha limefungwa. Unajiuliza, ni mimi? Kesho yake unakuta chungu cha maua kimegeuzwa. Nikaacha kuanika nguo zangu za ndani bafuni. Ndani ya nyumba ninayoilipia! Nikawa naoga nimefunga mlango kwa kiti."

Mkataba wao uko wazi: mwenye nyumba hutoa taarifa siku moja kabla ya kuingia, isipokuwa moto umewaka au maji yamefurika. Rasema alitia saini.

"Mirza ndiye aliyeuandika," anajitetea. "Nani anayesoma karatasi aliyoandika mwanawe?"

Kilichokuwa kikimpandisha juu hasa kilikuwa kwenye karai la vyombo. Belma huwahi zamu, basi finjani za wageni huziacha zimefunikwa juu ya visahani mpaka arudi. Yeye kuagua hajui. Walikuwa wakizifunika kwa mazoea, wanacheka, wanaziacha.

"Bila kusomwa!" Rasema anapaza sauti mpaka mteja anashtuka. "Unamwita daktari, halafu unamfungia nje?"

Basi akazisoma. Kila mchana alisimama jikoni kwa mpangaji wake, anainua finjani moja moja kuelekea kwenye mwanga, anatafuta mambo ya marafiki zake. Na yeye mwenyewe, anakiri, alijitafuta pia. Hakujiona hata katika finjani moja.

Jumanne moja aliinua ya Nevzeta. Aliijua kwa alama ya midomo, kwa kuwa Nevzeta hupaka rangi hata akienda kutupa taka. Ndani mlikuwa na njia nyeupe, na katikati yake nyoka mnene amejilaza.

Nevzeta alikuwa anasafiri Alhamisi kwenda Austria, ambako binti yake alikaribia kujifungua.

Rasema hakulala vizuri. Asubuhi yake Nevzeta akaja sokoni kununua jibini la kumpelekea binti yake, na Rasema akashindwa kujizuia.

"Usisafiri kesho, shoga yangu."

"Wee! Mtoto anazaliwa Ijumaa, daktari kasema."

"Kuna nyoka njiani kwako. Nimemwona kwenye finjani yako."

"Finjani ipi?" Nevzeta akauliza. "Sijanywa kwako tangu sikukuu ya Bajrami."

Kwenye foleni mtu akakohoa. Ziba akaweka chini mfuko wake wa pilipili, polepole.

"Rasema," akasema. "Jana tulikunywa kwa Belma."

Hadithi ilifika kiwandani kabla ya jibini kwisha pipani. Kesho yake fundi alikuwa ghorofani akibadilisha kitasa, na Rasema alikuwa chini ya ngazi, mikono kiunoni.

"Unang'oa kitasa kwenye mlango wangu?"

"Nimeshang'oa, shangazi," Belma akajibu kutoka juu. "Moto ukiwaka, ufunguo wa akiba atapewa Nevzeta. Akirudi safari atakufungulia."

"Nevzeta?" Rasema akakaa kwenye ngazi. "Bora ungenizaba kibao."

Belma akamwambia na la pili: mwisho wa mwezi wa kumi anahama. Hakulisema kwa hasira. Akateremka, akakaa naye ngazi moja juu.

"Shangazi, ungepiga hodi ningekufungulia. Kila siku ya Mungu. Kwa nini hukupiga hodi?"

"Hukuniita."

"Siku ya kwanza nilikuambia, panda tunywe kahawa."

"Nipande na nini mkononi?"

Kwa desturi ya huku, mtu akihamia mtaani, wenyeji ndio wanaotangulia kumtembelea, na huja na pakiti ya kahawa na boksi la sukari ya vipande. Nevzeta alipanda navyo, Ziba akapanda navyo. Rasema alivinunua pia, akaviweka mezani, akavitazama siku nzima.

"Nibebe sukari kama mgeni," anasema, "niipeleke kwenye nyumba aliyoijenga Ismet? Nikasema, mimi ndiye mwenye nyumba, atashuka yeye."

"Na mimi mgeni," Belma anasema, "nikasubiri apande yeye."

Nevzeta alisafiri siku ileile aliyopanga. Amerudi na picha za mjukuu wa kike na kauli moja ambayo soko zima limeikariri: "Njia yangu ilikuwa nyeupe peee. Aliyefungiwa njia ni Rasema, kwa kitasa kipya."

Jumamosi iliyopita Rasema alipanda na kahawa na sukari. Alipiga hodi, akangoja, akapiga tena. Mlango ukafunguliwa. Wanawake wakasogea, wakampa nafasi pembeni, si katikati. Kahawa, anasema, ilikuwa nyepesi, unaweza kumwogeshea mtoto. Hakuna aliyemwomba kusoma finjani, naye hakuinua hata moja. "Nilikalia mikono yangu," anasema. "Muulize Ziba."

Lakini Belma hajabadili uamuzi wake. Ameambiwa kuna chumba karibu na kiwanda, na Jumapili anakwenda kukiangalia. "Nampenda shangazi," anasema. "Ila napenda pia kuoga bila kiti mlangoni. Nitaona."

Rasema naye ana mpango. Amempigia simu Mirza aandike mkataba mpya unaosema mwenye nyumba hatakaa na ufunguo wowote wa juu, na safari hii atausoma mwenyewe kabla ya kutia saini. Ana ombi dogo tu, kwamba ufunguo ulioko kwa Nevzeta uhamie kwa Ziba.

"Nevzeta ana safari za Austria, ana mjukuu, na sasa ana ufunguo," analalamika. "Mtu mmoja!"

Na Belma akihama? Rasema anafuta kisu kwenye aproni, halafu anakifuta tena.

"Atakuja mwingine. Marki ni marki," anasema. "Lakini huyo mwingine itabidi nianze upya kumwonea wivu, na umri umekwenda. Namtaka huyuhuyu."