Masufuria ya Bi Zuwena na Serikali ya Marekani

Bi Zuwena hakuwa na haja na serikali ya Marekani. Alizaliwa Wete, Pemba, akaletwa London na mume aliyekimbia siasa, akafanya ukarani katika ofisi ya nyumba za halmashauri mpaka akastaafu. Katika siasa zote alizozipitia, alilojifunza ni moja tu: ukimwona mwanasiasa anakuja, funga mlango. Lakini mjukuu wake Miska alikuwa na mtihani wa siasa mwezi wa Juni, na sehemu kubwa ya mtihani huo ni Marekani, usiniulize kwa nini. Basi kila Jumamosi Miska alishuka kituo cha Rayners Lane, akaja kusomea jikoni kwa bibi yake, maana kwao wadogo zake hawamwachi mtu asome.

Jiko lile lina sheria moja, nayo ni Kiswahili. Miska ni mzaliwa wa hapa hapa. Kila neno analisikia, ila hujibu Kiingereza. Bibi yake alikwisha kumwambia kwamba anayejibu Kiingereza atakunywa chai kavu. Ikawa mtoto hana budi kuieleza serikali ya Marekani kwa Kiswahili, macho yakiwa kwenye mandazi.

"Kuna mihimili mitatu, Bibi. Congress wanatunga sheria. President anazitekeleza. Halafu kuna court, inaangalia kama sheria iko sawa na katiba."

"Na hiyo Kongresi ni nyumba moja?"

"Mbili. Senate, na House of Representatives."

"Baraza la Wawakilishi. Hilo hata Unguja tunalo. Haya, endelea."

"Na kila mmoja anamzuia mwenzake. So that... ili asitokee mtu mmoja akashika kila kitu."

"Hapo wamefanya la maana," alisema Bi Zuwena, akamsogezea andazi. "Jifya moja haliinjiki chungu."

Alisema hivyo bila haya, na vyungu vyote yeye ndiye aliyevishika. Masufuria makubwa ya chama cha akina mama wa Kizanzibari, pamoja na miko na mabirika, yalikaa katika gereji yake, na ufunguo ulikaa katika mkoba wake. Hakuna aliyewahi kumpigia kura. Desturi yao ilikuwa kwamba mwenye masufuria ndiye mwenyekiti, basi. Akifa mtu, Bi Zuwena anaarifiwa kabla maiti hajaoshwa. Simu ikilia hasemi halo; husema "Nani?" maana yake nani kafa, na mkono uko kwenye mkoba tayari.

Tangu mumewe kufariki, simu ya nyumba ile haikulia kwa jambo jingine. Watoto wake wana kazi zao, na mashoga zake wengi wametangulia. Bi Zuwena aliogopa kwamba siku masufuria yakitoka, simu nayo itanyamaza. Hofu hiyo hakumwambia mtu.

Sasa, wakati wa baridi alikufa mzee mmoja, na siku hiyo hiyo Bi Zuwena alikuwa hospitali na magoti yake, simu ya nyumbani inalia peke yake, ufunguo uko mkobani. Wanaume walirudi kutoka makaburini mikono imekufa ganzi, wakakuta biskuti za dukani na chai ya birika moja la umeme. Aibu ile haikuwa ndogo. Bi Zuwena alisema ni ajali. Nusra, mfamasia ambaye mama yake alikuwa shoga mkubwa wa Bi Zuwena, alisema si ajali. Kwenye mkutano alisimama akataka masufuria yahamie stoo ya ukumbi, ufunguo washike watu watatu, na mwenyekiti achaguliwe kila baada ya miaka miwili.

"Nusra, wewe nimekufunga nepi kwa mikono yangu hii."

"Ndiyo, Bi Zuwena, na nakushukuru. Lakini wanaume walikula biskuti."

Mikono ikapanda, karibu ukumbi mzima. Bi Zuwena akaitazama, akasema, "Mie sikubali," akashika mkoba wake. Mikono ikashuka mmoja mmoja, chai ikanywewa, na habari ikaishia hapo. Alirudi nyumbani mshindi, ingawa hakuna aliyemsindikiza mpaka kituoni kama kawaida.

Jumamosi iliyofuata Miska alikuja na somo la kura ya turufu.

"President akikataa sheria, inarudi kwa Congress."

"Akikataa, kakataa. Inarudi kufanya nini?"

"Wanapiga kura tena. Wakipata theluthi mbili, nyumba zote mbili, imepita."

"Hata kama yeye hataki?"

"Hata kama hataki, Bibi."

Bi Zuwena alikuwa akisukuma unga, akaacha. Ile mikono ukumbini ilikuwa zaidi ya theluthi mbili, hilo halikuhitaji karani.

"Na huyo rais akae mpaka lini?"

"Anachaguliwa mara mbili tu. Not more."

"Kisha? Siku anayoingia mwenzake, yeye yuko wapi?"

"Kwa kawaida anakwenda kumwona mwenzake anaapa. Anakaa kwenye kiti tu."

"Hasemi kitu?"

"Hasemi. He just sits there."

"Hiyo ndiyo kazi ngumu," alisema Bi Zuwena, na safari hii hata Kiingereza hakukikemea.

Jioni alimpigia Nusra mwenyewe. "Njoo na gari kubwa," alimwambia, "na mtu wa kunyanyua." Nusra akadhani anadhihakiwa, ikabidi aambiwe mara ya pili. Masufuria yakatoka, gereji ikabaki na baiskeli ya marehemu mumewe na mwangwi. Kura zikapigwa, Nusra akashinda.

Shughuli ya kwanza ya uongozi mpya ilikuwa maulidi. Bi Zuwena alivaa vizuri, akakaa kwenye kiti mbele, akaletewa sahani kama mgeni. Pilau ilikuwa imepungua chumvi. Aliitafuna na kuimeza, na Nusra alipopita na kumwangalia kwa wasiwasi, akamwambia, "Mashaallah." Iliyobaki akaimaliza. Nyumbani alilia kidogo, akaswali, akalala.

Siku zikapita, simu kimya. Aliinyanyua kusikiliza kama inafanya kazi, inafanya. Akajisemea kwamba hilo alilijua tangu mwanzo.

Asubuhi ya Jumatano ikalia. Mkono ukaenda kwenye mkoba wenyewe, ukapekua ufunguo usiokuwamo.

"Nani?"

"Mie Nusra. Shikamoo, Bi Zuwena."

"Marahaba. Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Basi kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nimekupigia tu. Magoti yanaendeleaje?"

Bi Zuwena alivuta kiti akakaa. Swali hilo alikuwa hajaulizwa siku nyingi.