Shangazi Aandika Wasifu Wake

Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa dobi wa hoteli tangu mimi sijaanza shule. Hoteli ilipouzwa na wafanyakazi wote wakaachishwa, alisikia kuna hospitali inatafuta msimamizi wa chumba cha kufulia. Akaja nyumbani na wasifu wake wa kurasa mbili, aliochapiwa steshenari, akanipa niupitie kwa kuwa mimi ndiye mtu wa ofisini katika ukoo.

Nilisoma, kicheko kikanitoka. "Shangazi, tangu lini unapenda kuogelea?"

"Yule wa steshenari kasema lazima niweke ninachokipenda. Nikamwambia weka tu cha watu."

Kurasa zote zilikuwa za watu. Mchapakazi, mwadilifu, anajituma, anashirikiana vizuri na wenzake. Yeyote angeweza kubandika picha yake pale. Kazi yake ya miaka yote ilipewa neno moja tu: kufua.

Nikavuta kiti, nikawasha kompyuta. "Tuanze upya. Mambo yakiharibika pale hotelini, ulikuwa unafanyaje?"

Alijibu huku akinyoosha kitambaa cha meza kwa kiganja. "Si kuna siku mashine kubwa ilikufa, na hoteli imejaa? Nikawagawa watu: hawa waloweke, hawa wasuuze, hawa waanike. Wageni walilalia shuka safi, hakuna aliyejua."

Nikaandika. Akaendelea kidogo kidogo, kama anayetoa vyombo vya wageni kabatini. Ni yeye aliyeanza kushona nyuzi za rangi kwenye pindo za shuka, ili za ghorofa hii zisichanganyike na za ile. Kila dobi mpya alipita mikononi mwake, na baadhi yao sasa ni wasimamizi kwingine.

"Lakini mwanangu, haya si majigambo?"

"Ni uongo?"

"Uongo sio."

"Basi si majigambo."

Tukafuta kuogelea, tukafuta na shule ya chekechea. Ukabaki ukurasa mmoja: jina, simu inayopatikana, nafasi anayoomba, kisha yale aliyoyafanya. Nikamsomea. Akaniomba nirudie. Mara ya pili alisikiliza akiwa amekaa wima.

"Huyu mama," alisema taratibu, "mimi mwenyewe ningemwajiri."

Hospitali walimwita. Alinisimulia kwamba matroni aliweka kidole kwenye mstari wa nyuzi za rangi, akauliza kama shuka za wodini nazo zingeweza kuwekwa alama hivyo. Woga ukamwisha Shangazi, akaeleza mpaka wakamwomba apumzike kidogo.

Kazi akapata. Wiki yake ya kwanza nilimpelekea miwani aliyoisahau kwetu, nikamkuta katikati ya wenzake, ndoo za nguo zimewazunguka.

"Huyu ni mtoto wa kaka yangu," akawaambia. "Ndiye aliyeniandikia."

"Mimi nilichapa tu, Shangazi," nikasema, nao wakacheka, wakarudi kwenye shuka zao.