Mtoaji Asiye na Kwaya

Kwetu Bunia damu hutolewa na kwaya. Mkubwa wa kwaya huwaleta waimbaji wake, na vipimo vikimalizika anapewa kadi zao zote za kundi la damu azigawe. Mimi nilitoa mara moja tu, wiki niliyoajiriwa kwenye benki ya damu kushughulikia kompyuta. Siimbi. Kadi yangu haikunifikia, nami sikuiulizia.

Asubuhi moja mwanaume alisimama mlangoni, kofia mkononi. Mke wake alikuwa amejifungua na damu ilikataa kukatika. Alihitaji O negatif, na friji yetu haikuwa nayo. Nikaita swali letu la zamani kwenye kompyuta, lile refu linalounganisha kwa mkono majedwali matatu: watoaji, vipimo na kwaya. Halikuleta jina hata moja.

"Damu haiko, papa," mama wa laboratwari akamwambia. Yule mwanaume akakaa chini, sakafuni.

Siku zile nilikuwa najaribu ORM, kifaa kinachojua chenyewe jinsi majedwali yanavyohusiana. Hukielezi njia, unasema tu, nipe watoaji ambao kipimo chao ni O negatif. Mstari mmoja, basi. Kwa ubishi wangu nilikuwa nimekidharau, nikidai ni uvivu wa vijana. Nikaandika ule mstari kwa hasira zaidi kuliko kwa matumaini.

Majina yakatoka. La kwanza lilikuwa langu, na mahali pa kwaya palikuwa wazi.

Nilipigwa na butwaa. Mama wa laboratwari akapiga kelele: "Kumbe ni weye! Unaikala tu pale na damu yetu mu mwili!" Nikacheka, akanipima upya haraka, nikalala kitandani.

Sindano ikiwa mkononi ndipo nikaelewa, na mshtuko ukanirudia mkubwa zaidi. Swali la zamani lilitaka kila mtu awemo katika majedwali yote matatu. Asiye na kwaya lilimwacha nje, kimya kimya, na sisi tukaona hayupo.

Yule mama aliyejifungua alipona. Mumewe alikuja kunishukuru, akanishika mikono yote miwili, nami nikashindwa kumtazama. Chini ya jina langu kulikuwa na watu wengine wasio na kwaya, wa hapa hapa mtaani kwetu Mbunya. Nilikuwa namfikiria mwanaume mwingine, aliyetoka Kpandroma, aliyesimama kabla yake kwenye mlango ule ule akiomba damu ile ile. Yeye pia tulimwambia haiko, na alituamini.