Pikipiki ya Mtaliano na Chupa ya Nyonyo

Niliinunua kwa Mtaliano aliyekuwa msimamizi wa kiwanda cha mbao, wakati ule baada ya Azimio, alipokuwa akifunga virago kurudi kwao. Ilikuwa nyekundu, kuukuu, ya mashindano, na usukani wake ulikuwa chini mno: ukiikalia unainama kama mtu anayetafuta sindano. Niliuza ng'ombe wawili. Baba aliizunguka mara moja, akauliza itabeba magunia mangapi ya viazi. Nilikuwa karani wa misitu Magamba, kijana, na mjini Lushoto watu walikuwa wameanza kuniita Bwana Misitu. Viazi kitu gani!

Mtaliano alinipa sharti moja tu. Injini hii inakunywa mafuta ya nyonyo, alisema, usichanganye na mengine hata tone. Nilicheka, maana kwetu nyonyo wanapakwa watoto wachanga. Makopo ya mafuta aliyoniachia yalipokwisha, fundi wangu wa Lushoto, mzee mkali asiyependa maneno mengi, aliniambia nitafute ya kienyeji, haya wanayokamua mama zetu. Tukayachuja kwa kitambaa, ikaenda. Nilikopita, barabara nzima ilibaki na harufu ya mtoto aliyetoka kuogeshwa, na akina mama wa sokoni walikuwa wakinitania wee mpaka naona haya.

Kisingizio changu kilikuwa mke wangu. Alikuwa mwalimu, serikali ikampangia Zirai, huko upande wa pili wa milima, mimi nikabaki. Barua zangu za kuomba ahamishwe zilijibiwa kwamba tuvumilie, tunajenga taifa. Basi nikasema pikipiki ndiyo itakayoiokoa ndoa hii. Asikudanganye mtu. Kwa muda wa mwaka mzima niliifikisha Zirai mara tatu, na mara zote tatu nilishinda uani nimeifumua, mikono myeusi tii, yeye amekaa kizingitini anasahihisha madaftari.

"Umekuja kuniona mimi au hiyo?" aliniuliza.

Nikamwambia anishikie spana. Mume wa namna gani huyo?

Jumatatu moja nikaitwa posta, kuna simu ya maandishi. Mtoto wa kiume amezaliwa kabla ya siku zake, hana nguvu, njoo na jina. Katika ukoo wetu jina la mtoto wa kwanza liko kwa babu yake. Yeye humpa mwanawe, na mwanawe hulipeleka kwa mdomo wake mwenyewe. Nikapanda Magamba, nikampa baba shikamoo, nikamweleza. Alilitamka polepole, mara mbili, akanitaka nilirudie.

"Usilitume kwa barua," alisema. "Nenda."

Mama akanipa chupa ya nyonyo aliyokuwa ameikamua miezi yote ile kwa ajili ya mjukuu. Mkampake, alisema, mtoto wa hivyo anataka joto.

Jumanne alfajiri nikapima mafuta ya injini, nikakuta yamepungua. Nikaitazama ile chupa. Nitamtafutia mengine huko huko, nikajisemea, nikaimimina yote. Hayakutosha. Nikaongezea mafuta ya injini za malori niliyokuwa nimeyapata kwa kupanga foleni. Hata tone, alisema Mtaliano. Mimi nilitia nusu kopo.

Niliishia Soni. Injini ilikaza ghafla, gurudumu la nyuma likagoma, nikaburuzika mpaka ukingoni. Nimesimama pale napangusa damu ya kiwiko, basi la Tanga likashuka, likapunguza mwendo, kondakta akatoa kichwa.

"Bwana Misitu, panda twende!"

Nafasi ilikuwapo. Niliiona kwa macho yangu.

"Tangulieni," nikamjibu, "nitawapita Mombo."

Lori la mboga lilinirudisha Lushoto. Fundi alipofungua injini aliguna tu. Yale mafuta mawili yalikuwa yameshikana kama ulimbo, ringi zimeganda kwenye pistoni. "Umechanganya," alisema, akaanza kukwangua kwa kisu. Kesho itawaka, tukasema Jumatano. Kesho itawaka, tukasema Alhamisi, tukikata gasketi kwenye jalada la daftari. Na kila asubuhi, ng'ambo ya karakana, basi lilikuwa linapakia abiria na kuondoka.

Alhamisi hiyo hiyo fundi alinikemea. "Bwana wee, si upande basi? Hii mimi nitabaki nayo."

Nikamwambia, nikishuka kwenye basi kama muuza kabeji, mke wangu atanionaje? Nilisema hivyo, sizushi. Nilitaka asikie mlio wangu kwanza, ndipo nimletee jina. Mungu anisamehe, na asiponisamehe sitamlaumu.

Ijumaa mchana ikaja simu ya pili. Tumemzika.

Jumamosi nikapanda basi, Muheza nikapata lori, na kabla jua halijazama nilikuwa Zirai. Ilikuwa safari ya siku moja tu.

Mke wangu hakulia. Alinieleza kwamba mwinjilisti alikuja mara mbili ili ambatize mtoto, na kila alipouliza jina, yeye alimjibu, "Jina liko njiani." Alipokuja mara ya tatu, alikuja kwa maziko. Kisha akaishika mikono yangu, nikadhani ananipokea. Akaiinua puani.

"Unanukia mtoto," alisema.

Nikamweleza habari ya chupa, yote, bila kuficha. Halafu nikafungua mdomo nimwambie jina. Akaniziba kwa kiganja chake.

"Hilo rudi nalo," alisema.

Asubuhi nilirudi nalo. Hatukuishi pamoja tena, na baba hakunirudia neno juu ya jina lile mpaka anakufa. Jumatatu baada ya safari ile fundi alimtuma mtu kuniita: pikipiki imewaka, tena kwa kiki moja. Sikwenda kuichukua.