Nilifeli Mtihani wa Wanaoanza

Wakuu, natengeneza tovuti mwaka wa kumi na moja huu. Mwezi uliopita nilifeli mtihani wa cheti cha wanaoanza.

Na mtihani wenyewe nilikuwa mmoja wa waliokuwa wanautunga.

Mnaocheka chekeni mmalize kabisa, halafu mnisikilize.

Tulikuwa kamati ya watu wanne. Kazi yetu ilikuwa kuamua mtu anayeanza kutengeneza tovuti apimwe nini ndipo apewe cheti. Alikuwepo Mwenyekiti, mzee mpole anayependa chai kuliko hoja. Alikuwepo jamaa tuliyemwita Usalama, maana kwake kila kitu ni wadukuzi. Alikuwepo Mwalimu, mama aliyenifundisha kompyuta tangu sijui kuiwasha, sasa kabakiza miezi michache astaafu. Yeye ndiye aliyependekeza niingizwe kwenye kamati.

Na mimi, Fundi Kimya.

Jina hilo nililipata kazini na nilikuwa nalijivunia, msinione hivi. Nafanya kazi peke yangu chumbani. Wateja wanatuma maombi, mimi natuma tovuti. Wiki inaweza kuisha sijasikia hata sauti yangu mwenyewe.

Sehemu nne za kwanza tulizipitisha haraka: kupanga ukurasa, kuupamba, kuufanya ukae vizuri kwenye simu, kulinda taarifa za watu. Usalama alitaka hiyo ya nne iwe nusu ya mtihani. Tukamwambia apoe.

Ya tano ndiyo ilileta kasheshe.

"Apimwe kuomba msaada," Mwalimu alisema. "Tumpe tatizo, amwandikie mtu anayemjua, alieleze vizuri, na ajibiwe ndani ya saa moja. Asipojibiwa, hana cheti."

"Mwalimu, huu ni mtihani au tunatafutiana marafiki?" nikauliza. "Fundi anapimwa kwa kazi ya mikono yake."

"Mwanangu, wewe ukikwama unamwuliza nani?"

"Sikwami."

Usalama akaangua kicheko. Mwalimu hakucheka.

Kura zikawa mbili kwa mbili, mimi na Usalama tukiipinga. Mwenyekiti akakata shauri: kila mmoja wetu aufanye kwanza mtihani wote mwisho wa wiki, Jumatatu tupige kura upya.

Jumamosi mchana nikakaa. Sehemu nne nikazimaliza huku napiga mluzi. Kufika ya tano, nikashika simu kutafuta wa kumwandikia.

Mteja. Mteja. Muuza gesi. Mteja. Mwenye nyumba.

Aisee, jasho lilinitoka.

Nikamkumbuka Mrefu, tuliyeanza naye kazi meza moja. Nikamwandikia tatizo zima. Tiki moja, haujamfikia. Dakika ishirini baadaye, tiki ile ile moja.

Nikamwandikia dada yangu, tumbo moja kabisa. Hajui lolote kuhusu tovuti, lakini nilichohitaji ni jibu tu.

Alijibu haraka, lakini kwa swali: "Samahani, nani mwenzangu?"

Nilibadilisha namba mwaka juzi, sikumwambia. Nikaandika "Ni mimi kaka yako", nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Ningeanzaje kumwambia kwamba baada ya miaka miwili nimemtafuta kwa sababu ya mtihani? Saa ikaisha. Nilijisikia mpweke kiasi kwamba niliwasha redio ili mle chumbani kuwe na mtu anaongea.

Jumatatu nilifika na hoja yangu tayari. Sehemu inayomfelisha fundi wa miaka kumi na moja ni upuuzi mtupu, iondolewe.

Mwenyekiti akasoma matokeo ya sehemu ya tano. Yeye kafaulu, mpwa wake alimjibu. Usalama kafaulu, mke wake alimwandikia: "Zima, uwashe."

"Hilo nalo jibu?" nikawaka.

"Kajibiwa," akasema Mwenyekiti. "Fundi Kimya, sifuri. Mwalimu... sifuri."

Sote tukamgeukia.

"Mnaona!" nikaruka. "Hata mwenye wazo lake kafeli!"

"Nimefeli," Mwalimu akasema taratibu, anaangalia meza. "Nilimwandikia mtu mmoja. Nilimtaka huyo tu."

Mwenyekiti akanitazama kidogo, kisha akaigeuza kompyuta yake upande wangu. Ilikuwa barua pepe ya Mwalimu ya Jumamosi mchana, aliyoiambatisha kwenye mtihani wake. Picha kwenye ukurasa inatoka nje ya kioo ikifunguliwa kwenye simu, afanyeje?

Aliyeandikiwa ni mimi.

Nikafungua barua pepe zangu pale pale. Ipo, haijasomwa. Chini yake zipo nyingine zake, za miezi na miezi. "Upo, mwanangu?" "Leo nimepita mtaa wako." "Nimekuona umenyamaza." Zote nilijiambia nitajibu nikitulia.

Nilitoka nikasimama kwenye korido, nikalia. Mtu mzima, kitambulisho cha kamati shingoni, nalia.

Niliporudi nilipiga kura sehemu ya tano ibaki. Nikaomba tuongeze jambo moja: mtahiniwa ajibu na swali la mwenzake, na alama za kujibu zilingane na za kuuliza. Ikapita bila ubishi, hata Usalama aliinua mkono.

Jioni nilianza na dada. "Ni mimi." Hakuandika, alipiga. Akanisema dakika kumi nzima bila kupumua, nami nikawa natabasamu tu.

Kisha nikamjibu Mwalimu. Nikamweleza hatua kwa hatua: upana wa picha usizidi upana wa kioo, na mfano nikamwekea.

Akajibu papo hapo: "Hilo nilikufundisha mimi, somo la pili. Unakuja lini?"

Funzo langu ni dogo, wakuu. Miaka yote nilidhani niko peke yangu kwa sababu hakuna anayenitafuta, kumbe nilitafutwa kila mwezi na sikufungua. Kama kuna mtu kakuandikia ukasema utamjibu ukitulia, acha kusoma hapa, mjibu sasa hivi.