Kulabu ya Ndoo ya Maziwa

Nilijenga tanuri la kufulia chuma uani, mtaa wa Sekei, kwa ringi ya gari, mkaa na mashine kuukuu ya kukaushia nywele iliyopuliza moto. Moshi uliwakera wapangaji wenzangu. Bibi mwenye nyumba, Mwarusha, akanipa wiki moja nimwonyeshe faida ya tanuri hilo, la sivyo nilibomoe nihame.

Nilitamani kufua panga. Nilichoweza ni kulabu tu, ya kipande cha nondo, ya kuning'inizia ndoo yake ya maziwa.

"Shikamoo, bibi. Nimekuletea."

"Marahaba. Iweke chini."

Hakuigusa. Akaingia ndani, nami nikaanza kuwaza nitahamia wapi tena. Akarudi na mafuta ya kondoo, akaipaka kulabu, akapaka viganja vyake, ndipo akaiokota.

"Kwetu chuma cha mhunzi hakishikwi kikavu," alisema. "Ila imepinda kama mguu wa mbuzi mgonjwa!"

Niliacha shule darasa la sita, nimezunguka miji mingi, na hakuna aliyewahi kuniita fundi wa chochote, sembuse mhunzi.

"Tanuri lisogeze karibu na zizi," akaongeza. "Moshi utamfukuzia ng'ombe nzi."

Nililihamisha kabla hajabadili mawazo.